Gari yako haijauzwa, baba Minza

Baba Minza wangu,

Mwangaluka huko ulikolala. Sisi wazima. Anayeandika ni Minza mwenyewe, mimi nasema tu, kalamu unajua siijui. Ameshaanza kulalamika eti naongea haraka. Atazoea.

Habari ni ya pikapu. Unakumbuka ulivyoileta hapa Nkololo? Mwaka ule wanunuzi wa pamba walijaa, kila mmoja na mzani wake, siyo kama zamani tunangoja ushirika mpaka panya wanazaa kwenye pamba. Ukauza, ukaenda Dar es Salaam, ukarudi unapiga honi toka kisimani. Ukanigongea na kuku wangu, sijasahau.

Halafu ile taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Ukaibandika plasta. "Taa ya mchana ya nini?" Tukacheka. Basi, tulipokuzika gari ikazidi kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, moshi mweusi, mlima haitaki. Fundi mmoja akasema injini imekwisha. Mdogo wako Masanja akasikia hilo tu, akaniletea mnunuzi wa vyuma chakavu mpaka uani. "Shemeji, tuuze ingali na magurudumu."

Minza akamwambia, "Baba mdogo, nipe leo tu."

Akabandua plasta yako, akafungua boneti. Akanionyesha kidude kwenye bomba la moshi, kidogo kama gunzi, kina waya. Sensa ya oksijeni. Kazi yake kuonja moshi na kuiambia gari petroli imezidi au imepungua. Nikasema kumbe ni kama mimi na mchuzi. Mwanangu akajibu, "Ndiyo hivyo, mayu. Sasa ulimi umekufa." Aliishuku tangu siku ya mazishi, safari hii akaja na kipya toka Mwanza.

Akawasha gari kwanza. "Chuma kikipata moto kinaachia." Akazima, akachomoa waya, akatandika gunia, akaingia chini. Masanja amekaa kwenye kiti chako pale uani, anacheka: "Mtoto wa kike chini ya gari! Utaolewa na ekzosi!"

Minza akajibu kule kule chini, "Ilete ng'ombe wa mahari kwanza, baba mdogo!"

Kidude kikagoma. Kutu. Spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaniita. Nikalala naye kwenye gunia, na kiuno hiki! Tukavuta kama tunamtoa ng'ombe aliyezama tope la lambo, pole pole, pamoja, siyo kwa hasira. Kikalia, kikaachia. Cheusi kama tako la chungu.

Kipya akakianza kwa vidole, ndipo spana. Akarudisha waya, akachomoa betri kidogo gari isahau ugonjwa, akairudisha, akawasha. Taa hakuna. Moshi hakuna. Yule mnunuzi akapanda baiskeli yake, hata kuaga hakuaga.

Kesho yake asubuhi nani yuko mlangoni? Masanja, na magunia ya mpunga. "Shemeji, gari inakwenda Bariadi?" Nikamwambia, siyo mimi wa kuulizwa. Akakohoa, akamgeukia Minza. "Fundi, unanichukua?" Baba Minza, niliingia ndani nikacheka peke yangu mpaka machozi. Sasa napita sokoni shingo juu, wananiita mama wa fundi.

Lakini kuna jambo Minza halijui. Ulipouza lile dume jekundu la kulimia ili akasome magari, aliyekataa siyo Masanja peke yake. Mimi nilikataa kuliko yeye. Nilisema unalisha chuo ng'ombe wetu, na mtoto mwenyewe ataolewa tu. Nikalima kwa mkono msimu ule, nikakununia mpaka mavuno. Unanisalimia, sijibu. Kumbe wewe ulikuwa umeshamwona fundi. Wabeja, asante, mume wangu.

Kalamu imesimama. Andika, Minza. Na hilo liandike.

Pumzika, baba, nimemaliza.

Mimi mkeo,
mama wa fundi