Anayeitika kwa Jina la Gidamuru

Babati,
12 Agosti 2021

Dada yangu mpendwa Aikande,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi hapa tu wazima. Mama Clara anakusalimu, na anasema ndizi ulizotuma zilifika mbichi kama alivyotaka.

Naomba radhi kwa ukimya wangu tangu Pasaka. Sitasingizia kazi. Kuna jambo ambalo nilikuwa ninalijua nusu, na mimi si mtu wa kuandika nusu ya jambo. Sasa ninalijua lote. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Unajua kwamba umoja wa shule zetu za kanisa ulinirudisha kazini baada ya kustaafu. Nafundisha Kiswahili mbele ya kamera katika ofisi ya mjini, na picha inafika papo hapo katika shule tisa za mkoa. Mwanzoni ilikuwa inakwama, mpaka wanafunzi wakazoea kuniona nimefumbua kinywa bila kusema. Kisha Viola, binti wa Katesh anayesimamia mitambo, akaleta utaratibu mpya, na picha ikatulia. Ilitulia kote isipokuwa Gidamuru, shule iliyo mbele ya Singe, ambako mwanao Brayan anafundisha kompyuta na kutunza vifaa.

Mkuu wa shule hiyo, Mwalimu Paskasi, alilalamika mbele ya kamati ya umoja kwamba wanafunzi wake hawajaona somo hata moja muhula huu, na mtihani wa kidato cha nne unakaribia. Viola akajibu kwamba mtambo wake unaonyesha Gidamuru wapo na wanapokea. Paskasi akacheka, akasema basi mtambo huo una wanafunzi ambao yeye hajawaandikisha. Kamati nzima ikacheka naye. Binti akaonekana mwongo. Wengine walinong'ona kwamba amewakatia makusudi, kwa sababu Paskasi aliwahi kumfokea. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi hii aachishwe kazi, ila kwanza mimi nichunguze, kwa kuwa, walisema, Mwalimu Elimringi hana upendeleo.

Nilianzia Gidamuru. Brayan alinipokea vizuri, akanionyesha kabati la chuma lenye wavu, na ndani yake taa ndogo ya kijani ikimetameta. Aliniambia, "Mjomba, huku kila kitu kipo poa, tatizo liko kwa yule binti." Nilimkaripia kwa lile neno poa. Mengine yote niliyaamini.

Kisha nilikwenda kwa Viola, nikamwambia kwamba sitakubali kuelezwa kwamba mtandao unasumbua. Nataka nifundishwe, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Alinifundisha kwa subira kuliko mimi nilivyowahi kumfundisha mtu. Alisema kwamba zamani mtambo wetu ulikuwa unatuma picha tisa zinazofanana, moja kwa kila shule, zote zikisongamana katika njia yetu nyembamba. Sasa inatoka picha moja tu. Inafika kwenye mashine iliyoko Arusha, ambako njia ni pana, nayo inainakili kwa kila tawi lililoomba. Wenyewe wanaita maltikasti. Mimi nasema utumaji kwa kundi. Shule haimo kundini kwa kuandikwa tu, ni lazima iombe. Na kila baada ya muda mfupi mashine inayauliza matawi kama bado yapo. Linaloitika linaendelea kupokea. Linalonyamaza linakatiwa, bila chuki na bila onyo.

Nikamuuliza ni nani hasa anayeitika kwa niaba ya shule. Akasema ni kisanduku. Kila shule ina kisanduku chake chenye ufunguo wa siri, ambacho hujifungulia njia ya faragha ndani ya intaneti ya watu wote, ili asiyehusika asichungulie. Nikamuuliza kama mashine inajua kisanduku kimewekwa wapi. Akafikiri, akasema hapana, inautambua ufunguo tu.

Dada, nimeita mahudhurio maisha yangu yote. Hakuna darasa ambamo sikusikia mtoto akiitika kwa jina la mwenzake aliye mtoni. Nilijua wakati uleule kwamba Viola hasemi uongo, na Paskasi hasemi uongo.

Siku mbili baadaye nilikuwa sokoni nikinunua perege. Binti aliyekuwa akiuza, Devotha, aliniamkia kwa jina langu, akasema lile swali la ngeli nililowaachia Jumanne limewatoa jasho. Nikamuuliza anasoma shule gani. Akasema hasomi shule. Aliacha alipopata mtoto, sasa anajiandaa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ananiona kwenye tuisheni huko Bonga, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa Mwalimu Brayan. Akaongeza kwamba kwenye televisheni ninaonekana mkali zaidi. Niliondoka bila samaki wangu. Ikabidi anifuate nao.

Nilipanda bajaji mpaka Bonga wakati wa kipindi cha Mwalimu Redempta, anayefundisha Biolojia kwa kamera ileile yetu. Nilisimama dirishani. Kisanduku kilikuwa juu ya meza, ubavuni kimeandikwa Gidamuru kwa rangi nyeupe. Kile cha kabatini kilikuwa kibovu cha zamani, kimeachiwa taa yake tu. Chumba kilikuwa kimejaa: mama ananyonyesha huku anaandika, mgambo mwenye sare, vijana waliofeli. Hakuna aliyesinzia. Nakuandikia hili kwa sababu nalo ni kweli.

Brayan aliponiona alitoka nje. Hakukana. Alisema wanafunzi wa Gidamuru wana walimu na vitabu, hawa hawana chochote. Alisema mimi nasema na kamera bila kujua nani ananisikia, na kwamba wanaonisikia kweli wako Bonga. Kisha akaniomba ninyamaze: atakirudisha kisanduku kimyakimya, picha itaonekana Gidamuru, watu watasema mtandao umepona.

Nikamuuliza, na Viola je? Akageuka kutazama mlango wa chumba.

Nikamuuliza kwa nini hakuomba Bonga iongezwe. Akasema, "Mjomba, wangekubali wapi, wakati hizo tisa zenyewe zilikuwa zinakwama?" Hapo nilielewa kwamba mwalimu wa kompyuta hakuhudhuria hata siku moja mafunzo ya Viola. Alidhani picha ni kama ndoo ya maji, kwamba Bonga wakinywa lazima Gidamuru walale na kiu. Nilimweleza mimi, mzee wa ngeli, kwamba picha inatoka mara moja tu, na tawi likiongezeka mtumaji hapungukiwi kitu. Kilichohitajika ni kisanduku kimoja zaidi na ombi. Alikaa chini juu ya gogo, akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo tangu akiwa mtoto.

Nilimwambia asimame mwenyewe Jumamosi, kabla Viola hajaitwa, akiwa na kisanduku mkononi. Alisema amesikia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo asubuhi Viola alinijia akiwa amefumba mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Alisema tangu jana Gidamuru haiitiki kabisa. Ushahidi wake wote ulikuwa kule kuitika. Sasa hata mtambo unakubaliana na Paskasi. Nilikwenda Bonga, chumba kimefungwa, na Devotha alikuwa amekaa kizingitini na daftari lake. Simu ya Brayan haipatikani. Shuleni wanasema aliomba ruhusa kwenda kukuuguza wewe.

Ndiyo sababu ya barua hii, nami nitampa dereva wa basi la jioni akuletee mkononi. Kama Brayan yuko kwako, mwambie arudi kwa basi la kesho, na kisanduku kisibaki huko. Usimfiche, na tafadhali usinisihi. Wewe ndiwe uliyenilea na kunipeleka shule, na ukinisihi itaniuma kukukatalia. Akija atasema mwenyewe, nami nitasimama baada yake kuwaombea watu wa Bonga tawi lao. Asipokuja nitasema mimi, na nitalitaja jina lake kamili, pamoja na la baba yake.

Wasalimie wajukuu wote na majirani wa pale kanisani. Kamati ikishaamua nitakuandikia, iwe heri au vinginevyo. Kabla ya kufunga bahasha hii nimepita tena kwa Viola, nikakaa naye mbele ya mtambo. Mashine inauliza, matawi manane yanaitika. Inasubiri kidogo, kisha inauliza tena.

Ni mimi mdogo wako,
Elimringi