Kombe Lililojazwa Mtama

Shikamoo kaka Hamisi,

Nakusalimu kutoka Ilongero, ambako upepo wa Singida umenijaza vumbi mpaka kwenye meno. Leo wasichana wa hapa wamerudi na kombe la taifa la soka la timu za ridhaa, na bodaboda wote walikwenda mjini kuwapokea kwa honi. Kapteni wao, Mariamu, alimkabidhi bibi yake kombe. Bibi akachungulia ndani, akakunja uso.

"Mmetoka kote huko mnaniletea chombo kitupu?"

Watu tukacheka. Yeye hakucheka. Alilijaza mtama wa mbegu mpaka ukamwagika, akasema kila nyumba ije ichukue kiganja kimoja, ipande mvua zikianza. Baba yake Mariamu, ambaye zamani alikuwa akimfukuza binti yake uwanjani kwa fimbo ya ng'ombe, naye akapanga foleni. Mariamu mwenyewe ndiye aliyemchotea. "Shikamoo baba." Mzee akaupokea mtama kwa mikono miwili.

Kuku wa kienyeji nimekula mpaka basi, lakini sijakusahau. Mtama wako nimeufunga kwenye pindo la khanga, utaupanda nyuma ya nyumba. Nawe, kaka yangu, panda kiti uvishushe vile viatu vya mpira vya binti yako Neema ulivyovificha juu ya kabati. Nikirudi nataka nimkose nyumbani, nimfuate uwanjani.

Nakupenda hata ukinuna,
Dada yako Zaituni