Mayowe ya Jumatano

Temeke, Agosti 1954

Dada yangu mpenzi Somoe,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na lile goti limeacha kukusumbua. Sie hapa hatujambo, ila mie moyo bado unanienda mbio, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Uliniuliza kama umtume kaka Mwishehe aje kunirudisha Kilwa. Sababu unaijua. Tangu azikwe Tunu wangu, mkwe wangu Bi Mwanabaraka hajaniruhusu kutoa sauti. Nikilia ananiambia nishike subira, mayowe ni kumkosea Mungu na kumsumbua mtoto kaburini. Hata jina la Tunu halitajwi ndani ya nyumba hii. Sadallah ni mume mwema, lakini mbele ya mama yake hana kauli. Nguo zangu nilikwisha kuzifunga, dada.

Basi jirani yangu Auleria, mke wa karani, Mhaya mwenye maneno mengi, aliponiona ninavyokonda akasema dawa yangu ni kutishwa. Nilidhani kachanganyikiwa. Akanieleza kwamba Jumatano mchana kuna senema ya wanawake watupu huko mjini, na wiki hii kuna picha moja yenye hadithi nne, zote za kutisha. Nikamuaga Sadallah kwamba nakwenda kumtazama mgonjwa. Mkwe hakuwepo. Kila Jumatano yeye huenda kisomoni Ilala na kurudi jioni sauti imemkauka.

Dada, watu wale waliotunga picha hawana haya. Mpangaji anamsikia mtu akikohoa ndani ya kabati. Mshonaji anapima gauni la bibi harusi, kumbe bibi harusi alikwisha kufa mwaka jana. Auleria alikuwa akinitafsiria Kiingereza, na pale asipoelewa akitunga yake. Wanawake walikuwa wakimpigia kelele yule mpangaji asifungue kabati, naye hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hapo nikaujua utamu wake. Hofu inakukaba, unapiga ukelele, hadithi inakwisha, watu wanacheka na kugawana njugu, kisha inaanza nyingine. Msiba wa picha una mwisho.

Ya nne ilikuwa ya mtoto. Walibeba sanduku dogo, wakalishusha shimoni, wakamwaga udongo. Unajua sie wanawake hatufuati jeneza. Mwanangu alitolewa mlangoni, mie nikabaki ndani, na sijapata kuona mtu akifukiwa. Sikungoja mtoto wa picha agonge sanduku kutoka ndani. Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo, na hakuna aliyenigeukia, maana ukumbi mzima ulikuwa ukipiga.

Kisha wenzetu wakanyamaza, na mstari wa mbele yetu mwanamke mmoja akaendelea. Alilia mpaka taa zikawashwa. Alipogeuka kutafuta ushungi wake, dada, alikuwa Bi Mwanabaraka.

Nilitamani ardhi inimeze. Nadhani naye pia. Tulitoka, Auleria akajifanya ana safari ya sokoni. Pale barazani pa senema mkwe alinishika mkono, nikajua leo nimepatikana. Akanieleza kwamba kisomo cha Ilala hakuna, hakijapata kuwepo. Miaka yote ile alikuwa akija huku. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Nimezika wanangu wote kasoro Sadallah, na hakuna niliyemlilia. Nyumbani sikuachi ulie, Mwanakombo, kwa sababu mie nikianza sitanyamaza."

Mwanamke huyu nilimchukia, dada. Usiku nilikuwa nikimuapiza.

Asubuhi hii aliingia chumbani kwangu, akaketi kitandani, akaniuliza Tunu akinyonya alikuwa akiuweka wapi ule mkono wake wa pili. Nikamwonyesha, hapa, shingoni. Akalitaja jina lake, akaanza, nami nikaanza. Majirani walikuja mbio na kanga vichwani, wakiuliza kama kuna msiba. Mkwe akawajibu kwamba upo, wakae.

Bado wamekaa uani ninapokuandikia. Mwambie kaka asisafiri. Nisalimie shemeji, watoto, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanakombo, mama Tunu