Kaka Proje, Ungeigeuza Ile Ndege

Kaka Proje,

Nina hasira na wewe, na nimeona bora niitoe kwanza ndipo tuongee vizuri. Ungeigeuza ile ndege. Mwenzako aligeuza. Wewe na ubishi wako ukaendelea, na sasa umelala hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya babu, nami nimeketi juu ya kigoda cha Mama karibu na kaburi lako, naandikia mtu asiyejibu. Haya, nimeshasema. Pole, kaka yangu. Pole sana.

Msiba wako ulijaa watu mpaka migomba ya pembeni ikakanyagwa. Walutheri wa kule ng'ambo ya barabara walikuja na kwaya yao, wakaimba na Wakatoliki wetu, na hakuna aliyeuliza nani aanze. Bibi mmoja alinivuta kando akaniuliza kama ni kweli ulikokuwa unafanya kazi watu huganda wakiwa wamesimama. Nilicheka, Proje. Jeneza lako liko mbele yangu nami nacheka, kisha nikalia mpaka wakanishika mikono.

Mama anakula kidogo. Ndege ya kwenda Bukoba ikipita, anaacha jembe, anatazama juu mpaka inapotea. Sijamwambia aache.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho? Mama alikuwa anakaanga senene, wale panzi wetu wa msimu, nawe umekaa jikoni kama mtoto, unadokoa kwenye sufuria na kutusimulia kazi yako kule kaskazini kabisa mwa Kanada. Hakuna barabara, ulisema, ni misitu na maziwa tu, na vijiji ambavyo unga, barua na dawa vinafika kwa ndege ndogo au havifiki kabisa. Kiangazi ndege yako inavalishwa vitu kama mitumbwi miwili, inatua majini. Baridi ikija inavalishwa mbao za kutelezea, inatua juu ya ziwa lilelile likiwa limeganda. Mama akasema, "Proje, usinidanganye, ziwa haligandi." Ukacheka hadi ukapaliwa.

Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini ndege ndogo zinaanguka sana huko. Hapo uliacha kucheka. Ulisema watu hudhani injini inazimika tu ghafla, kumbe mara nyingi ndege inaanguka injini ikiwa nzima. Barafu inashika bawa kidogo kidogo, na bawa likishabadilika umbo haliinui tena ndege hata ukilibembeleza. Siku nyingine theluji ya chini na mawingu ya juu vinakuwa rangi moja, rubani hajui ipi mbingu na ipi ardhi. Wengine wanapakia mzigo kupita kiasi. Kisha ukachukua kijiti, ukachora bonde kwenye majivu.

Ukasema mawingu yakishuka, rubani anapita chini yake akifuata mto. Bonde linapanda, lakini wingu halipandi. Njia inazidi kubana juu na pembeni. Ukaweka kidole kwenye majivu: "Kuna mahali hapa. Ukipapita bila kugeuza, hugeuzi tena. Nafasi haipo." Nikakuuliza, sasa kwa nini wasigeuze mapema, watu wazima wenye akili zao? Ukafuta mchoro kwa kiganja, ukasema, "Kwa sababu mbele kuna watu wanakusubiri."

Ulijua yote, Proje. Hilo ndilo linaloniuma.

Na unajua tulivyolelewa. Baba yetu, Tata, na sheria yake: msafiri akishatoka uani haitwi na harudi, hata akiwa amesahau kichwa chake. Anayerudi njiani anarudi na mkosi, na hapewi kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hata mgeni tusiyemjua anapewa kabla hajaulizwa jina. Ulipokwenda kuanza kidato cha kwanza ulisahau godoro. Tulilikuta kitandani ukiwa bado unaonekana pale kwenye mteremko, na Tata akatukataza kukuita. Ulilalia chaga mpaka alipopatikana mtu wa kulipeleka. Miaka yote hiyo ulikuwa unaisimulia kwa majivuno, eti ndiyo iliyokufanya mwanamume. Mimi nilikuwa nacheka na wengine.

Siku ya mwisho ulipoondoka, gari limeshawashwa, Shangazi Leokadia akatoka mbio. Dada yake Tata, tangu afiwe na mumewe na kurudi kuishi kwenye kile kijumba cha nyuma, hajawahi kuogopa sheria ya mtu. Kanga inamdondoka, kikopo mkononi, anapiga kelele: "Proje we! Rudi, umesahau senene!" Nawe ulishuka, ukarudi mpaka uani, ukapokea kikopo, ukamkumbatia. Tata aligeuza uso. Alisema neno moja tu kwa dada yake: "Umemrudisha."

Ndege yako ilianguka mwaka uliofuata, baridi ya huko ilipokuwa inaanza. Na unawajua watu wetu. Kijana akifa, kifo chake hakikosi mwenyewe. Hata matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza: nani alimrudisha njiani? Nani alimpa kitu mkononi? Kwenye kile kikopo kulikuwa na nini? Mjane, hana mtoto wa kiume, anaishi peke yake nyuma ya migomba. Jamani, waitu, ilikuwa rahisi kama kumsukuma mtu aliyeketi. Wazee wakasema kitaitwa kikao cha ukoo, aondoke kibanjani.

Shangazi hakusubiri kikao. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda basi hadi Bukoba, kwa binti yake pale Miembeni. Nilikwenda kumwona. Amekaa kwenye chumba cha nyuma ya duka, hataki kula, ananiuliza swali moja tu: "Editha mwanangu, ni kweli senene wangu ndio waliomuua?" Mimi nesi, Proje, nimeona mengi. Swali kama hilo sijawahi kuulizwa.

Ndipo rafiki yako Wili, yule rubani mwenzako, alinipigia simu. Nilidhani anataka kutoa pole tena. Alikuwa analia kama mtoto. Alisema wachunguzi wamemaliza. Injini yako ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwemo. Mawingu yalikuwa yameshuka kwenye bonde, nawe ulipita chini yake ukifuata mto, mpaka bonde likakubana ukajaribu kugeuza ukiwa umeshapapita mahali pa kugeuzia. Asubuhi hiyo yeye alikuwa mbele yako angani. Alikwambia kwenye redio, "Proje, mimi nageuza, huku hakufai." Nawe ukamjibu, "Wananisubiri kule. Na kwetu msafiri harudi njiani." Wili alidhani unatania.



Nilijua ninachotakiwa kufanya, na nilikiogopa. Kumsafisha Shangazi maana yake ni kusema sheria ya Tata mbele ya Tata. Mzee aliyemzika mwanawe wa kiume, nimwendee na hilo? Lakini kule Miembeni kulikuwa na mama mzima anayejifia kwa njaa kwa ajili ya kikopo cha senene.

Kikao kilipokaa uani, niliomba kusema. Mzee mmoja akauliza tangu lini wanawake wanafunga kesi za ukoo. Nikamwambia sifungi kesi, naeleza ndege ilivyoanguka, kwa sababu hapa hakuna mwingine aliyeuliza. Nikachukua kijiti, nikachora bonde kwenye vumbi kama ulivyolichora jikoni. Nikaonyesha mto, wingu, mahali pa kugeuza. Nikarudia maneno yako ya kwenye redio, yote, sikuyapunguza. Nikasema Shangazi alimrudisha kwa ajili ya senene, na Proje akaondoka mzima, akafika mzima, akaruka karibu mwaka mzima. Kilichomuua ni kutorudi.

Tata alitazama ule mchoro kwenye vumbi. Kisha akasema, taratibu sana, "Kwa hiyo ni mimi niliyemuua."

Nikamwambia hapana Tata, ni bonde na wingu, na ni Proje mwenyewe aliyekuwa na usukani. Sijui kama alinisikia. Alinyanyuka akaingia ndani, na kikao kikavunjika hakuna aliyekifunga. Tangu siku hiyo hakusema nami ila salamu. Kijumba cha Shangazi kikabaki kimefungwa, maharage yake yakakauka shambani, na mimi nikawa natembea nikijiuliza kama nimempoteza baba pia.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi.

Unajua kazi yangu hunipeleka Goziba na visiwa vingine vya ziwani, kuchanja watoto wa kambi za wavuvi. Tulitoka mwaloni, pale zinapoegeshwa boti, asubuhi kumetulia, mimi, nahodha na masanduku ya chanjo. Tulipokuwa tumeacha nchi kavu mbali, upande wa mashariki ukawa mweusi. Wingu limekaa juu ya maji, linakuja. Upepo ukageuka, boti ikaanza kupiga. Nahodha akanitazama. Alisema, "Nesi, wewe ndiye mwenye safari. Tukazane au vipi?" Na kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa mama mmoja wa Goziba: wamekwisha kupanga foleni na watoto wao, wananisubiri.

Kaka, nilisikia sauti yako kwenye redio ambayo sijawahi kuisikia. Nilimwona Tata na sheria yake. Niliwaona wale akina mama wamebeba watoto mgongoni, wanatazama maji. Aibu ilinishika, hofu ilinishika, vyote pamoja. Nikasema, "Geuza."

Akageuza. Mvua ilitukuta karibu na mwalo, ikatulowesha mpaka mifupa. Sijui kama tungezama, Proje. Pengine tungefika vizuri tu, nikachanja, nikala sato, nikarudi. Anayegeuza hapati ushahidi, hilo nimelijua sasa. Anabaki na aibu yake tu. Wale akina mama niliwapigia simu nikawaambia nitakuja ziwa likitulia, na mmoja alinisonya.

Nilipanda kilima kwenda nyumbani nikiwa natetemeka, chanjo nimeirudisha kituoni, nawaza nitaingilia nyuma, kwa jikoni, Tata asinione. Nilimkuta penye lango. Amesimama kwenye mvua, hana mwavuli, shati limemganda mwilini, anatazama ziwa. Mama aliniambia baadaye kwamba tangu wingu lilipoanza alikuwa pale, na kila alipomwita aingie ndani hakujibu.

Aliniona. Nikasema, "Tata, nimerudi njiani." Sikuwa na jingine la kusema.

Alinishika mkono, akaniingiza kwa mlango wa mbele, akaniketisha. Akaenda mwenyewe kuchukua kile kikapu kidogo cha kahawa. Akanipa. "Tafuna, mwanangu," akasema. Kisha huyu mzee wetu, ambaye hata ulipozikwa hakutoa chozi mbele za watu, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu akalia. Alikuwa anasema jina lako. Nilitafuna ile kahawa huku nami nalia, na Mama amesimama mlangoni na kitambaa cha kunifutia, hajui amfute nani.

Kesho yake alipanda basi la kwanza kwenda Bukoba. Hakusema anakwenda kufanya nini. Jioni tukasikia basi limesimama kule barabarani, nikatoka kutazama. Tata anapanda kilima, amebeba kichwani ule mzigo wa kitenge. Tata, kubeba mzigo wa mwanamke kichwani, mbele ya kijiji! Na nyuma yake Shangazi Leokadia, amekonda, anamgombeza kaka yake kwamba anatembea haraka mno. Majirani walitoka kwenye vibanja vyao kutazama. Tata aliwasalimia mmoja mmoja kwa sauti kubwa, ili kila mtu aone anarudi na nani.

Leo asubuhi Shangazi alikuja hapa kaburini kabla yangu. Senene wameanza kuanguka tena. Kikopo alichokiacha juu ya kaburi lako ni kilekile, ulichokirudisha kitupu kupitia mtu aliyekuja likizo, na sasa kimejaa. Usijali, sijala hata mmoja. Nimekula wawili.

Sasa naondoka, kaka. Ziwa limetulia na nahodha ananisubiri mwaloni, nao wa Goziba wananisubiri. Nitakwenda, nitawachanja watoto wao wote, na yule aliyenisonya nitamsalimia kwanza. Lakini nakuahidi, hapa mbele yako na babu akiwa shahidi: nikiona wingu limekaa juu ya maji, nitageuza. Hata wakinisubiri. Hata nikiwa naona paa za nyumba zao.

Kwaheri, Proje wangu mbishi. Tata yuko uani, ameniona nasimama. Tangu nianze kufunga mkoba amekuwa akirudia jambo moja, na sasa, nikitoka nyumbani kwetu, ndilo ananiaga nalo kwa sauti mbele ya Shangazi: "Editha, ikibidi, rudi."

Dada yako,
Editha