Maji Usiyapashe Moto

Mama Eliya,

Ukirudi kisimani usiyapashe moto hayo maji. Mguu wangu haukandwi tena! Nimempigia simu nesi wa kliniki yangu ya saratani. Kasema mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto hivi, huenda damu imeganda ndani, na tukiukanda bonge linaweza kukimbilia mapafuni. Nimeondoka na gari la Mwalimu Ndaki kwenda hospitali.

Asubuhi nilipokufokea sikuwa na hasira, mwanangu. Niliogopa.

Michembe ya viazi nimeshailoweka kwenye sufuria ndogo; ichemshe, Eliya akitoka shule ale.

~~Nitarudi jioni.~~ Wakinilaza, niletee kile kitenge cha kijani.

Nesi kauliza nani alinikanda jana. Nimesema nilijikanda mwenyewe. Nawe ukiulizwa, sema hivyo hivyo.

Bibi yake Eliya