Nilisema Umepimwa

Kwa Mutua, mwanangu,

Simu ya mama yako si ya kukatwa! Nimepiga mara nane, na mara ya nane ukaizima kabisa. Sasa nimeshika biro, yale niliyosoma ngumbaru bado yako kichwani, na jirani yangu anayekuja huko Masinga kumwona kaka yake atakupa barua hii mkononi. Yeye huwezi kumzima.

Hamjambo? Mbuzi wamepona kikohozi? Mimi niko mzima, ni magoti tu. Mtoto wako Ndunge bado anawekwa kwa ile mashine ya kusafisha damu, Jumanne na Ijumaa. Akitoka hapo anatembea akishika ukuta. Mimi hapa Machakos siwezi kutulia. Nafua nguo safi. Nafagia mahali nimetoka kufagia.

Ndiyo maana manesi waliponiomba nijiunge na watu wanaojitolea kueleza wengine juu ya kutoa figo, sikungoja kubembelezwa. Unajua mimi nilipimwa nikakataliwa, eti presha na miaka. Nikasema sawa, lakini mdomo haujakataliwa.

Jumapili tulikuwa kanisani Kola. Baada ya ibada mama mmoja, naye huniita nyanya kama Ndunge, akaniuliza, "Susu, nikibaki na figo moja, maji nitabeba kweli?"

Nikamwambia, "Na hizo mbili ulizo nazo, mbona maji yako yanabebwa na punda?"

Walicheka hadi mchungaji akajifuta machozi. Halafu mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Mama, umesema vizuri. Na kwako nyumbani, nani amepimwa?"

Kanisa lote likanigeukia. Ningesema nini, Mutua? Kwamba mwanangu anajificha kwa mbuzi? Nikainua kichwa nikasema, "Mwanangu amepimwa. Tunangoja majibu." Wakanipigia makofi.

Nilisahau kwamba Ndunge alikuja na sisi, amekaa benchi ya nyuma. Tukitoka akanishika mkono. "Susu, kumbe baba alikuja? Mbona hamkuniambia?" Nilijifanya natafuta leso yangu. Jana akawaambia manesi wote, tena kwa sauti, na jioni akamaliza sahani ya ugali. Huyo ambaye tumekuwa tukimlisha kama kifaranga! Kila kijiko alichokula kilinichoma.

Uongo ni wangu. Jumapili nitarudi Kola, nimwambie yule mzee mbele ya watu kwamba nilidanganya. Hiyo aibu nitaibeba. Lakini Ndunge nitamwambia nini?

Uliniambia mjomba wako Kilonzo anasema mtu wa ukoo wetu huzikwa na viungo vyake vyote. Na kile kidole ulichokatwa na panga, mlikitengenezea jeneza? Wewe ndiwe uliyempa huyu msichana jina langu, na tangu akiwa mchanga humwiti Ndunge, unamwita mwaitu, mama yangu. Mama yako ni mgonjwa, Mutua, na wewe unazima simu.

Nisikie vizuri. Daktari amesema hakuna anayelazimishwa, na hata ukipimwa mkapatana damu bado unaweza kukataa. Sijasema utoe figo. Mwili ni wako, hata kama ni mimi niliyeuzaa. Ninachokataa ni huku kunyamaza.

Msalimie mke wako, umwambie binti yake anamwulizia kila siku. Salimia mapacha wangu wadogo, na yule shemeji yako anayenichungia ng'ombe. Kilonzo usimpe salamu zangu.

Ni mimi mama yako, Ndunge mkubwa, nisiyetulia.

Keshokutwa ni Ijumaa. Panda gari la kwanza, uje na kitambulisho chako. Usipitie kwangu kunywa chai. Nenda moja kwa moja hospitalini, kaa kando ya ile mashine, na umwambie mtoto wako kwa mdomo wako mwenyewe: ndiyo, au hapana.