Chini ya Neno "Msaada"

Gatongora, Ruiru
Agosti 1999

Nzioki,

Mama yako hajambo. Baridi imeua nyanya zake, lakini mbuzi amezaa mapacha.

Diski mliyotutumia kutoka ofisini kwenu imefika. Leila aliiweka kwenye kompyuta ya darasa letu Thika, na maneno yetu yakatokea, yale tuliyoyatafsiri sisi wanne bila mshahara ili mama zetu wautumie mfumo wa kompyuta wa Linux kwa Kiswahili. Nilifurahi. Kisha nikabonyeza "Msaada".

Unakumbuka tulivyoligombania neno hilo, tafsiri ya "Help"? Ulisema, "Kavata, msaada ni mahindi ya njaa, yale ya kupangiwa foleni." Nikakujibu kwamba msaada ni jirani kukushikia ngazi. Nikashinda, tukaandika majina yetu hapo ili aliyekwama ajue pa kuuliza.

Majina hayapo. Ipo nembo ya kampuni yenu na sentensi hii: "Kazi hii ni msaada wa kampuni kwa jamii."

Leila akacheka. "Kumbe sisi ndio tuliosaidiwa, dada!"

Sikucheka. Kampuni kuwekeza si kosa, tuliiomba wenyewe. Lakini nani mwingine hapo ofisini anaandika Kiswahili? Sentensi ile ni yako, Nzioki. Umetulisha mahindi ya njaa kutoka shamba letu wenyewe.

Bahati nzuri, mfumo huu kila mtu anaruhusiwa kuurekebisha. Nimerudisha majina yote manne. Lako liko juu kabisa, pamoja na namba ya simu ya mezani kwako.

Nakala zimeshafika Githurai. Simu ikilia, pokea.

Niliyekuwa wako,
Kavata